Alijaza kimo ambacho hakukiona: kisa cha binti aliyetaka kazi ya rada jeshini

Mtoto wa dada yangu ana miaka 22, kapata nafasi jeshini kitengo cha ufuatiliaji wa anga, yaani kukaa kwenye rada na kujua kila kinachoruka kwenye anga ya nchi ni nini na kinaelekea wapi. Alikuwa na wiki 3 tu, asaini au aache. Akaja kwangu na karatasi mkononi, shikamoo mjomba, marahaba, hata hajakaa vizuri akauliza, mjomba hii kazi inanifaa? Mimi nimekaa kwenye hizo rada miaka 11, 4 ya mwisho nikifundisha maopereta wapya, kwahiyo swali lilifika penyewe, ila siku ile sikumjibu. Naandika kisa chake kwa ruhusa yake sababu najua kuna vijana wengi wameshika karatasi kama ile na hawana wa kumuuliza, wanaishia kuambiwa "kazi nzuri hiyo, jeshi lina heshima", na hilo halimsaidii mtu kujua kama ataiweza.

Nilianza kwa kumuuliza anaitakia nini. Akasema anapenda ndege toka mdogo, anapenda teknolojia, na anataka kazi yenye maana. Ni sababu za kweli zote 3 na sikuzidharau, ila hakuna hata moja inayogusa kazi yenyewe. Ndege huzioni, chumba cha rada kwa kawaida hakina dirisha, taa zimepunguzwa, una hedifoni kichwani na skrini mbele yako, na kwenye skrini kuna vitone. Rada ya masafa marefu inazunguka, tuseme mzunguko mmoja kwa sekunde 10, na kila mzunguko kitone kinaruka mbele kidogo, ndege ya abiria ya km 900 kwa saa inatembea km 15 kwa dakika kwahiyo kati ya mzunguko mmoja na mwingine imesogea km 2 na nusu. Wewe unajibu maswali yale yale kwa kila kitone: ni nani huyu, yuko wapi, kimo gani, anaelekea wapi, na je safari yake tumeletewa taarifa? Rada ya kawaida inapiga wimbi na kusikiliza mwangwi, hiyo inakwambia tu kuna kitu. Rada ya pili inauliza, na transponda, yaani kifaa cha redio ndani ya ndege, inajibu na namba ya ndege na kimo chake. Asiyejibu ndiye anayekufanya ukae wima kwenye kiti.

Na zamu nyingi sana zinapita bila asiyejibu hata mmoja. Hapo ndipo watu hawaelewi kuhusu hii kazi. Mtu anafikiria presha ya kukimbiza adui, kumbe presha kubwa ni saa ya 5 ya zamu ya usiku, wote wamejibu, wote wako kwenye njia zao, na wewe unatakiwa umtazame wa 60 kwa umakini ule ule uliomtazamia wa kwanza. Hili sio suala la uvivu wala nidhamu mbovu, ni jinsi akili ya binadamu ilivyo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha utafiti wake uliotokana na tatizo la maopereta wa rada wa jeshi la anga la Uingereza: aliwakalisha watu masaa 2 mbele ya mshale unaopiga hatua ndogo ndogo kama saa, mara moja moja unaruka hatua 2 badala ya 1, na kazi yao ni kubonyeza wakiona ule mruko. Ndani ya nusu saa ya kwanza tu walikuwa wameshaanza kuikosa mingi. Hao walikuwa wazima na wanajua wanapimwa.

Kwahiyo nikamwambia binti, kabla hatujaongelea mshahara wala cheo tufanye jaribio.

Tulifanya hivi. Kuna tovuti za wazi zinazoonyesha ndege za kiraia zikiwa angani, zinatumia mawimbi ambayo ndege yenyewe inatangaza ilipo, sio rada, na ndege iliyozima kifaa cha kutangaza au isiyo nacho huioni kwa njia hiyo, kwahiyo sio kazi kamili lakini kwa kupima macho na kichwa inatosha. Nikachora mstatili kwenye ramani, nikampa daftari lenye safu 4: saa, upande alioingilia, kimo, upande aliotokea. Kila ndege inayogusa mstatili iandikwe. Kuanzia saa 7 usiku mpaka saa 8 na nusu, baada ya siku ya kawaida ya kazi, simu iko chumba kingine, muziki hakuna. Mimi nikarekodi skrini nzima ili asubuhi tulinganishe.

Usiku ule zilipita ndege 38. Aliandika 34. Nne alizokosa zote zilipita baada ya dakika 40 za mwanzo, umakini ulishashuka kama kwa watu wa Mackworth. Kwa mtu ambaye hajafundishwa hiyo sio mbaya kabisa, na kama ningekuwa nahesabu alama tu ningemwambia kasaini mwanangu.

Ila nilipopitia mstari kwa mstari nikakuta ndege moja ya saa 8 na dakika 11, ameandika kimo futi 36,000. Nikarudisha rekodi. Ile ndege ilitokea kwenye kona, ikakaa muda mfupi sana, ikapotea, na yeye hakuwahi hata kuigusa asome maelezo yake. Nikapunguza kasi ya rekodi, maelezo yalionekana kidogo pembeni: futi 24,000 na inashuka. Nikamuuliza hii 36,000 uliitoa wapi? Akanyamaza kidogo alafu akasema, mjomba zote za njia ile zilikuwa 36,000, nikaona na hii itakuwa hivyo hivyo.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu katika miaka yangu yote ya kufundisha hiki ndicho nilichokuwa nakiangalia kwa mwanafunzi kuliko kitu kingine chochote. Kukosa kitone kunatibika, kuna mazoezi, kuna kubadilishana kiti, kuna mwenzako pembeni. Kuandika ambacho hujakiona ni ugonjwa mwingine. Akili iliyochoka haipendi nafasi wazi, inaijaza na kile kinachotarajiwa, na ikishajaza inaamini. Na wanaopokea taarifa yako kule juu hawana macho mengine, wanatumia yako.

Nikamsimulia ya 3 Julai 1988, Ghuba ya Uajemi, meli ya kivita ya Marekani USS Vincennes ilipoiangusha ndege ya abiria ya Iran Air 655, wakafa watu 290. Meli ile ilikuwa na mfumo wa rada wa kisasa kuliko karibu zote za wakati ule, na kumbukumbu za mfumo zilionyesha ndege inapanda, kama inavyopanda ndege yoyote iliyotoka kuruka. Lakini ndani ya chumba cha mapigano taarifa zilizotolewa kwa sauti zilikuwa kwamba inashuka kuelekea meli. Mashine ilikuwa sahihi, watu wenye hofu walisema walichokitarajia. Sikumsimulia ili nimtishe. Nilitaka aone kwamba ile 36,000 ya kwenye daftari na lile neno "inashuka" ni ndugu, tofauti ni nani alikuwa anasubiri hiyo taarifa na alikuwa na nini mkononi.

Alibisha kidogo, akasema lakini mjomba mimi nilikuwa na usingizi na ilikuwa mazoezi tu. Nikamwambia hata siku ya kweli utakuwa na usingizi. Akachukua daftari akaenda nalo.

Usiku wa pili tukarudia, masaa yale yale. Sasa hapa ndipo kisa kilipogeuka na kusema kweli mimi mwenyewe sikukitegemea. Ndege 2 zilipotea kabla hajasoma kimo, na safu ya kimo akaandika "sijaona", safi kabisa, nikafurahi. Lakini safari hii alikosa ndege 7, zaidi ya jana! Nikaangalia pembeni ya ukurasa nikakuta kachora kamchoro ka ramani, misalaba midogo mahali ndege zinapopotelea, na chini kaandika, "mbona zote zinapotea hapa hapa, na za juu hazipotei?" Yaani wakati ndege 5 mfululizo zinapita, yeye alikuwa anachora. Na nilipoamka asubuhi nikamkuta bado yuko macho anasoma kuhusu vipokezi vya ardhini na jinsi mlima na mviringo wa dunia unavyokata mawimbi.

Nikampa hesabu moja ndogo aone alipogusa. Mawimbi ya rada yanaenda karibu mstari mnyoofu na dunia ni duara, kwahiyo antena ikiwa mita 20 juu ya ardhi na ndege inakuja chini chini mita 100, unaanza kuiona ikiwa kama km 60 hivi, sio mamia ya km yanayotajwa kwenye makaratasi. Ikija kwa km 900 kwa saa una dakika 4. Macho yake yaliwaka jamani. Hakuniuliza sasa opereta anafanya nini kwenye hizo dakika 4. Aliuliza, je antena ikipandishwa, je ukiweka rada 2 zinazoangaliana, je rada ikiwa kwenye ndege?

Nilipokuwa nafundisha nilikuwa na tabia ya kusikiliza mtu anauliza nini kitone kikipotea. Kuna anayeuliza "ameenda wapi huyu?" na kuna anayeuliza "kwa nini rada imempoteza?" Wa kwanza ni opereta, moyo wake uko kwa aliyeko angani, kikipotea kimoja anaandika muda, anatoa taarifa, anakadiria kitatokea wapi, na jicho linaendelea na vingine vyote. Wa pili ni fundi. Sio kwamba mmoja ana akili kuliko mwenzie, kituo kinawahitaji wote na kituo kikikosa mmojawapo hakuna kitu, ila ukimkalisha fundi kwenye kiti cha opereta miaka 6 utamuumiza, na siku moja atakuwa anafikiria antena wakati kuna mtu anavuka mpaka.

Mfano wa karibuni ni puto la China lililopita juu ya Marekani na kuangushwa 4 Februari 2023. Baada ya pale NORAD, kamandi ya pamoja ya Marekani na Kanada ya ulinzi wa anga, ilieleza kwamba walirekebisha vichujio vya kasi kwenye rada zao, kwa sababu rada inapokea mwangwi wa vitu vingi mno na vile vya mwendo wa taratibu vinachujwa visijaze skrini. Walipolegeza kichujio wakaanza kuona vitu vingi vidogo vya polepole ambavyo kabla havikuwa vinaonyeshwa. Swali la kichujio kikae wapi ni swali gumu na zuri sana, na kwa opereta wa zamu ni kitu anachokikuta kimeshapangwa. Nilipomweleza hilo binti alikaa kimya muda mrefu.

Kuna kitu kingine nilimpima nacho, na hapa alifaulu. Nikamwambia, umeona kitu kikubwa kisicho cha kawaida, umepiga simu juu, mkubwa wako anasema achana nacho. Unafanyaje? Hili lilitokea kweli, kituo cha rada cha Opana, Hawaii, 7 Desemba 1941, askari 2 wa Marekani, Joseph Lockard na George Elliott, zamu yao ilitakiwa iishe saa 1 asubuhi lakini mashine ilikuwa bado imewashwa, saa 1 na dakika 2 wakaona kundi kubwa linakuja kutoka kaskazini, zaidi ya km 200. Wakapiga simu. Luteni Kermit Tyler, mgeni na kazi ya kituo kile, alijua kuna ndege za Marekani wenyewe, B-17, zinategemewa kutoka California akawaambia wasijali. Haikufika saa nzima mabomu ya Japani yakaanza kudondoka Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani hapo hapo Hawaii. Wale vijana waliona na walisema, rada ilifanya kazi yake, kilichokatika ni katikati hapo. Binti akafikiri alafu akasema, nisingegombana nae, ila ningepiga tena nikiwa na kitu kipya, ziko ngapi, kasi yake, zimebakiza dakika ngapi, na ningeandika muda wa kila simu. Hilo jibu wengi hawanalo hata baada ya kozi. Nikamwambia hilo, sababu mtu akiwa na kitu kizuri aambiwe.

Mambo mengine tuliyapitia haraka haraka. Uwezo wa macho kutofautisha rangi unapimwa, na masikio pia, kuna nchi ukishindwa rangi basi umetoka, kwahiyo kapime mwenyewe kabla usije ukaacha kazi nyingine kwa tumaini. Uchunguzi wa historia yako na ya ndugu unakuwepo na unachukua muda. Zamu za usiku zina gharama kwa mwili, mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani, sio jambo la kucheka nalo. Na uopereta wa jeshi haukufanyi muongoza ndege wa kiraia ukitoka, leseni ya kule ina mafunzo yake na mitihani yake, kazi ya muongoza ndege ni kuzitenganisha ndege zisigongane na kazi yako ilikuwa kuzitambua. Wengi wanaingia wakidhani ni njia ya mkato.

Kilichohitaji muda ni mkataba. Nilimtuma arudi kwa afisa wa kuandikisha na maswali yake kwenye karatasi, na aandike majibu pale pale mbele yake. Miaka ya mkataba inaanza kuhesabiwa siku ya kuapa au siku ya kumaliza kozi? Hii nafasi ya rada imeandikwa kwenye mkataba au ni maneno? Nikishindwa kozi ya rada napelekwa wapi? Zamu zikoje, siku ngapi usiku kabla ya kupumzika? Na kuna nafasi ya ufundi wa rada, inaombwaje? Afisa alikuwa mstaarabu, alijibu yote. Miaka inahesabiwa baada ya kozi. Nafasi ya rada ilikuwa ya maneno tu, mpaka aombe iandikwe. Na ukishindwa kozi jeshi linakupangia linapokuhitaji na mkataba unaendelea kama kawaida. Hili la mwisho lilimshtua kweli, maana alikuwa anaamini akishindwa atarudi nyumbani. Ufundi upo, ila una mtihani wa hesabu na umeme na kundi lao linaanza baadae.

Dada yangu alikuwa na yake. Alinipigia akasema, kaka usinipotezee mtoto. Nilidhani anaogopa vita, kumbe hapana. Alichokuwa anakiogopa ni ukimya. Mimi ile miaka 11 nilikuwa nikiulizwa kazini kukoje nasema salama, basi, na ndugu zangu walikuwa wanaliona hilo neno kama mlango umefungwa. Binti na mama yake wanaongea kila jioni kila kitu. Nikamwambia dada ukweli kwamba hilo litapungua, awe opereta au fundi, kuna mambo atayaona na hatakusimulia hata akizeeka, na hawezi kukwambia hata kwamba leo kaona kitu. Akasema basi angalau aniambie amechoka. Nikamwambia hiyo ataruhusiwa. Wakakaa wawili wakaongea, mimi sikuwepo na sijauliza.

Siku 5 kabla ya tarehe binti akaniuliza tena lile swali la mwanzo, safari hii nikajibu. Nikamwambia kwa uopereta, ungefaulu kozi, ungekuwa wa kawaida, na baada ya miaka 2 ungeanza kuichukia, kwa sababu kila zamu ingekuwa inakunyima kile unachokitaka. Lile la kujaza kimo nisingekuhukumia kwalo kwani ulilirekebisha kwa usiku mmoja. Ninachoangalia ni ile michoro pembeni. Jeshi kama jeshi naona unaliweza, jibu lako la simu limenionyesha. Akaniambia mjomba nilijua toka ule usiku wa pili, nilikuwa nasubiri kuona kama na wewe umeona. Aliogopa kwamba kuomba ufundi kutaonekana kama ameikimbia kazi ngumu. Nikamwambia siku jenereta imekata saa 9 usiku mvua inanyesha, skrini zote nyeusi, na chumba kizima kinamtazama fundi mmoja, hakuna atakayemwambia alikimbia kazi ngumu.

Ile nafasi ya uopereta ameirudisha kwa barua siku 2 kabla ya tarehe, ameomba ufundi wa rada, na ameomba kiandikwe kwenye mkataba. Kundi lao linaanza miezi 5 baadae kama akifaulu mtihani. Saivi anarudia umeme na hesabu za mawimbi, macho ameshapima yako sawa, masikio anaenda wiki ijayo.